"Amefariki Ghafla": Karatasi ya Moyo Ilikuwa Imetuambia

Wadau wangu wa Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta na nyinyi mlio mbali lakini roho iko nyumbani, leo sina kichekesho. Najua wengi mlinifuata kwa sababu ya zile video za makanga wa steji na ndovu wa Maungu. Zitarudi. Leo nataka tuongee kuhusu neno moja ambalo tunaliandika kwenye karibu kila tangazo la mazishi: ghafla.

"Kwa huzuni kubwa familia inatangaza kifo cha ghafla cha mpendwa wetu." Hata mimi nimeliandika. Nililiandika mwenyewe kwa simu yangu, nikaweka picha ya mjomba wangu akiwa na ile suti ya harusi, nikatuma kwenye magrupu yote ya familia. Siku hiyo niliamini ni kweli. Leo siamini tena, na ndio maana naandika.

Mjomba alikuwa fundi wa magari, miaka 54. Mtu wa nguvu, mtu wa kelele. Jumamosi moja jioni akasema kifua kinambana, mkono wa kushoto umekuwa mzito, na jasho linamtoka kama yuko chini ya lori saa nane mchana. Alikopelekwa kwanza wakasema ni asidi. Akapewa dawa ya tumbo, akarudi nyumbani. Si mnajua vile sisi kila kitu ni asidi au "vidonda"? Asubuhi maumivu bado yapo, tukampeleka kwingine, na huko ndiko wakampima moyo kwa ile mashine ya ECG. Hapo mambo yakabadilika. Mshtuko wa moyo. Akalazwa siku 6, akatoka akiwa amekonda kidogo lakini anacheka. Akapewa dawa na bahasha ya kaki.

Tukachinja kuku. Tukasema Mungu mkubwa, mzee amepona.

Siku ya 19 akaanguka karibu na tangi la maji. Tukadhani ni kifafa. Mmoja akamwagia maji, mwingine akampepea na leso, mwingine akakimbia kutafuta gari. Gari ilikuja baada ya dakika kama 20 hivi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemgusa kifua. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaenda.

Miezi miwili baadaye mkewe alikuwa anatoa nguo ili zigawiwe, akaikuta ile bahasha chini ya godoro. Ndani kulikuwa na karatasi ya waridi yenye miraba midogo, imekunjwa mara nne, na kikaratasi cha kurudi kliniki baada ya wiki 2. Siku hiyo ya kliniki mjomba alikuwa gereji. Alisema anajisikia poa, kwa nini apoteze siku ya kazi na nauli? Nilipiga picha ile karatasi, nikamtumia rafiki yangu mmoja ambaye ni afisa wa kliniki. Aliniuliza maswali mawili tu: "Alifanyiwa eko? Aliwahi kusema kizunguzungu?"

Eko hakufanyiwa. Kizunguzungu alisema, mara mbili. Tulimwambia apunguze jua.

Mimi si daktari, tuelewane. Lakini tangu siku ile nimesoma, nimeuliza watu wanaojua, na nimeelewa kitu ambacho nadhani kila familia ya kaunti hii inafaa kujua. Sikilizeni pole pole.

Moyo unafanya kazi kwa umeme. Kila pigo linaanza na cheche ndogo juu ya moyo, inashuka hadi vyumba vya chini, navyo vinajikaza na kusukuma damu. ECG haikupi picha ya moyo wenyewe. Inaandika ule umeme. Unawekewa vibandiko 10, vinne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, na mashine inauangalia moyo kutoka pembe 12. Aliyeufungua mlango huu ni Mholanzi Willem Einthoven, aliyezaliwa Java, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ilijaza chumba. Leo kuna mashine unayoibeba kwa mkoba.

Kwenye karatasi kuna kilima kidogo, kisha mlima mrefu mwembamba, kisha kilima cha mwisho. Madaktari wanaviita P, QRS na T. Kila mraba mdogo kwa upana ni sekunde 0.04. Kwa hivyo karatasi ile ni kama kitabu cha saa cha moyo wako. Mtu akipata mshtuko mkubwa wa moyo, kile kipande kati ya mlima na kilima cha mwisho mara nyingi kinanyanyuka, hakirudi chini inavyofaa. Hiyo ndiyo alama inayofanya daktari aanze kukimbia. Baadaye kunaweza kubaki shimo refu na pana kabla ya mlima, dalili kwamba sehemu ya nyama ya moyo imekufa na kuacha kovu.

Sasa hapa kwenye kovu ndipo penye stori yangu.

Wale wa Taveta na wa milimani mnajua mifereji ya kumwagilia shamba. Maji yakishuka vizuri, yanafika kwenye migomba bila shida. Lakini jiwe likianguka katikati ya mfereji, maji yanazunguka, yanapita pembeni, mengine yanarudi nyuma na kujizungusha palepale. Kovu la moyo ni lile jiwe. Umeme ukilifikia, unapita pembeni polepole, na siku mbaya unaanza kujizungusha wenyewe kwa wenyewe. Vyumba vya chini vinapiga mbio kupita kiasi. Ikizidi, haviwezi kupiga kabisa, vinatetemeka tu. Damu haiendi kokote. Mtu anaanguka kama mjomba alivyoanguka. Saa zile za kwanza za mshtuko, kabla hata kovu halijakaa, nyama iliyokosa damu inaweza kuleta mtetemeko huohuo. Ndiyo maana wengine hawafiki hata hospitali.

Na hatari haiishii mlangoni ukipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwaka 2005 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 14,609 waliokuwa wametoka kwenye mshtuko wa moyo na mioyo yao imedhoofika. Kifo cha ghafla kilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi ndani ya siku 30 za kwanza kuliko wakati mwingine wowote baadaye. Siku 30, watu wangu! Siku zilezile sisi tunachinja kuku na kusema amepona. Na kadiri moyo ulivyokuwa dhaifu katika kusukuma damu, ndivyo hatari ilivyozidi.

Karatasi inaweza kutoa fununu. Ule mlima mwembamba ukiwa mpana kuliko miraba midogo mitatu, maana yake umeme unapita kwa shida. Muda kutoka mwanzo wa mlima hadi mwisho wa kilima cha T ukirefuka sana, moyo unachelewa kujipanga upya na unaweza kuteleza. Kukiwa na mapigo ya ziada yanayoruka foleni, hasa yakija kwa mfululizo, daktari anataka kujua zaidi. Kipande kile kilichonyanyuka kikikataa kushuka wiki nyingi baadaye, huenda ukuta wa moyo umetuna mahali penye kovu.

Lakini nisiwauzie uongo. Ile karatasi haitabiri kama mganga. Kuna watu wana karatasi mbaya na wanaishi mpaka kuona vitukuu, na kuna wengine karatasi yao ilionekana nzuri. Tena kuna funzo kubwa ambalo Wamarekani walilipata kwa machungu. Madaktari waliona kwamba wagonjwa wenye yale mapigo ya ziada baada ya mshtuko wanakufa zaidi, wakasema, basi tuyafute kwa dawa. Dawa mbili zikayafuta kweli, karatasi ikawa safi. Walipofanya jaribio la haki, jaribio lililosimamishwa mapema mwaka 1989, waliopewa dawa walifariki 63, na waliopewa kidonge kisicho na dawa walifariki 26, ilhali makundi yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Karatasi ilipendeza na watu wakafa. Kwa hivyo nikisema tuisome karatasi, sisemi ukimbilie duka la dawa kununua kitu cha kunyoosha mistari. Nasema irudi kwa mtu anayeielewa, aiunganishe na vipimo vingine.

Kuna wale watasema, "Hata mngejua, mngefanya nini? Hayo ni mambo ya Nairobi." Hilo swali nimejiuliza usiku mwingi, na jibu ni kwamba tungeweza kufanya mengi tu.

Kwanza, tungerudi kliniki ile tarehe. Tungeuliza asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma, ambayo inaonekana kwa eko. Hiyo namba ni muhimu sana. Ikibaki 35 au chini baada ya siku 40 hivi na dawa zikiwa zimetumika vizuri, ndipo madaktari wanafikiria kale kamashine kanakopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, kanakoushtua moyo ukianza kutetemeka. Ni ghali, sikatai, si kila mtu atakipata. Lakini zile dawa za kila siku, zikiwemo za kupunguza kasi ya moyo, zinapunguza vifo, na hizo si mambo ya Nairobi. Mjomba aliziacha zilipoisha. Alidhani ni dozi, kama ya malaria, ukimaliza umemaliza. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na sisi hatukuuliza.

Pili, tungejua kizunguzungu na kuzimia baada ya mshtuko wa moyo si jua la Voi. Jua letu ni kali, kweli, lakini mtu mwenye kovu la moyo akisema dunia imezunguka na moyo umekimbia, anarudi hospitali siku hiyohiyo.

Tatu, tungekuwa makini na dawa za kununua tu. Baadhi ya antibiotiki na baadhi ya dawa za malaria, kwinini ikiwemo, zinarefusha ule muda niliosema. Kuhara sana na kutapika kunapunguza potasiamu, na hiyo nayo inavuruga umeme wa moyo. Mwambie mwenye duka la dawa, "Huyu alipata mshtuko wa moyo." Ni sentensi moja. Na muguka, wacha nisiseme sana maana mtanichoma kwa maneno, lakini kitu kinachopandisha presha na mapigo si rafiki wa moyo uliotoka vitani.

Nne, hili ndilo linaniuma zaidi: tungemkanda kifua. Moyo ukiwa unatetemeka, kila dakika inayopita bila kukandwa wala kushtuliwa kwa mashine inapunguza nafasi ya kuishi kwa asilimia 7 hadi 10. Sisi tulingoja gari dakika 20. Pigeni hesabu wenyewe. Mtu akianguka, haitiki, hapumui au anakoroma koroma vibaya, mmoja aite msaada, mwingine apige magoti, aweke kiganja katikati ya kifua, mkono juu ya mkono, abonyeze kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha kama sentimita 5, na aache kifua kirudi juu kila mara. Maji ya uso hayasaidii. Kijiko mdomoni hakisaidii. Usiogope kuvunja mbavu, mbavu zinapona.

Sasa tuje kwa wakubwa wetu. Afya iligatuliwa mwaka 2013, kwa hivyo hapa hatuwezi kusingizia Nairobi kwa kila kitu. Katiba yenyewe, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini hebu angalieni ramani. Miongozo ya dunia inasema mwenye maumivu ya kifua apimwe ECG ndani ya dakika 10 tangu afike, na kama ni mshtuko mkubwa, mshipa ufunguliwe kwa mpira maalum ndani ya dakika 120. Isipowezekana apewe mapema dawa ya kuyeyusha bonge la damu, na dawa hiyo inafaa zaidi saa za mwanzo, mwisho saa 12 tangu maumivu yaanze. Kutoka Voi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 150, kwenye barabara ya malori. Kutoka Taveta, ongeza nyingine zaidi ya 100 kabla hujafika hata Voi. Dakika 120 zinaishia njiani. Kwa mtu wa Taveta au Kasigau, kituo kilicho karibu kikiwa na ECG inayofanya kazi, karatasi ya kuchapia, na ile dawa kwenye friji au kabati, hiyo ndiyo tofauti.

Na kusoma karatasi si lazima daktari bingwa awe amekaa Wundanyi. Sisi tunatuma picha za harusi kutoka kilele cha Vuria, kweli tushindwe kutuma picha ya ECG kwa daktari aliye Mombasa akajibu kwa dakika 5? Kinachotakiwa ni utaratibu: nani anatuma, nani anapokea, saa ngapi yuko macho.

Kwa hivyo mwaka 2027 wakija na magari yao ya spika kuomba kura, mimi nitakuwa na maswali manne, na nawaomba muyabebe. Kituo chetu kina mashine ya ECG, na mara ya mwisho kufanya kazi ilikuwa lini? Dawa ya kuyeyusha bonge ipo leo, si mwaka jana? Ambulensi ina mashine ya kushtua moyo na mtu anayejua kuitumia? Na mgonjwa wa moyo akiruhusiwa kwenda nyumbani, nani anampigia simu akikosa kliniki? Hilo la nne ni bei ya salio tu. Lingemfikia mjomba akiwa gereji.

Lakini sitaki kuwaachia wanasiasa mzigo wote, maana hata sisi tuna letu. Kwa siku 4 familia yetu ilichanga pesa ya jeneza, hema, chakula na matatu mbili za waombolezaji. Hakuna aliyesita. Magrupu yalikuwa moto, kila dakika jina jipya na kiasi chake. Pesa ile ingelipa eko, dawa za miezi na nauli ya kliniki, na ingebaki. Hatukuchanga wakati ule kwa sababu mgonjwa alikuwa anacheka, na mgonjwa anayecheka haombi mchango. Tuna moyo wa kutoa. Tunautoa tu tukiwa tumechelewa.

Siandiki haya ili mtu yeyote ajilaumu. Mimi mwenyewe nimejilaumu vya kutosha, na mama yangu aliniambia, "Mwanangu, mlifanya mlichojua." Ni kweli. Ila sasa nimejua zaidi, na wewe uliyesoma hadi hapa pia umejua.

Kama kwenu kuna mtu alilazwa kwa moyo mwaka huu, leo jioni ukirudi nyumbani muombe ile bahasha. Najua mahali ilipo: chini ya godoro, juu ya kabati, au ndani ya ile mfuko wa nailoni yenye vyeti vya ubatizo. Itoe. Inyooshe. Ipige picha kwenye mwanga wa mchana, uihifadhi kwenye simu mbili, maana wino wa ile karatasi huwa unafifia. Angalia tarehe ya kliniki. Kama imepita, nendeni kesho, mwende wawili, na muulize namba ya eko, dawa zipi ni za kudumu, na dalili zipi za kurudi haraka. Karatasi ya zamani mwende nayo, daktari akipima tena atalinganisha.

Ile ya mjomba ninayo mimi sasa. Nimeiweka kwenye fremu ya plastiki, na mkewe aliponiuliza kwa nini, nikamwambia ndiyo tangazo lake la kweli. Lile la kwanza nililotuma lilikuwa na neno moja la uongo.